Maji ya Saa Kumi na Moja

Mwezi wa saba, kusi inavuma usiku kucha,
na tangi letu la uani, juu ya boriti nne,
hulala nje likikusanya baridi
ije itemwe bombani alfajiri.
Mamangu, Bi Mwanakhadi, sabini na tisa,
alitia mkono, akautoa.
"Mai haya yana meno," akasema,
akatawadha hivyo hivyo,
magoti yakimlia kama bawaba kavu.

Siku hiyo nililimwaga kopo la akiba kitandani:
elfu tisa na mia mbili,
sarafu za mahamri bado zanukia iliki.
Nyumba yetu ya Gadeni ni chumba kimoja na nusu.
Hiyo nusu ndiyo choo, ndiyo bafu,
na mvua ikinyesha ndipo tunapoanika leso.

Dukani kwa Swabiri kila chombo kinang'aa.
"Hili la jua," akasema, "lita mia na hamsini,
litakuzika wewe, lenyewe libaki."
Nikauliza bei.
Akaitaja akitazama pembeni
kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani.
Na paa letu la makuti
halijabeba kitu kizito kuliko paka.

"Basi la gesi. Washa, maji moto papo hapo."
Nikalifikiria bafu letu lisilo dirisha,
ukuta wa jirani umelibana pua.
Gesi haibishi hodi.
Nikakataa kabla hajamaliza.

"Basi hiki," kichwa cheupe kama uyoga,
"umeme mtupu, elfu tatu na nusu."
Mkoba ulikuwa umekwisha funguka
aliponiuliza Fundi Shekuwe,
aliyekaa mlangoni akimenya waya kwa meno:
"Maji yenu ya wapi?"
"Ya kisima."
"Nenda kayaonje."

Nani asiyejua ladha ya maji ya kwao?
Lakini jioni ile niliyaweka ulimini, nikangoja:
chumvi, halafu chuma,
kama nimejiuma mdomo.

"Basi hicho hakifiki Maulidi," akasema fundi kesho yake.
"Chumvi italila koili. Halafu chumvi na umeme
ni marafiki, dada, na bafuni anasimama nani?"

Tukachukua kidogo kilichoundwa kwa maji ya chumvi,
elfu sita na mia tano,
hakina taa, hakina urembo.
Zilizobaki zikaenda kwenye waya mnene,
swichi ya peke yake,
na fimbo ya shaba iliyogongwa ardhini uani
mpaka kuku wakahama.
Nilipungukiwa mia sita na hamsini.
Shekuwe akazila, mahamri manane kila asubuhi,
na chai hakuihesabu.

Kisha mama akachungulia juu.
"Mimi nisimame chini ya hiki?
Mimi ni mchicha wa kunyunyiziwa?"
Uyoga ukang'olewa, ukafungwa mpira,
mpira ukashuka ndooni,
na kata yake ya kifuu ikarudi kazini.
Ungeniambia mapema, mama.
Lakini hukuulizwa.

Leo, saa kumi na moja kasoro,
nilisimama nje ya pazia na saa mkononi.
Dakika nne, nilikuwa nimepiga hesabu,
ni kama theluthi ya uniti.
Dakika ya tano. Ya sita.
Kata inagonga ndoo,
maji yanaanguka polepole kwenye saruji,
mita ukutani inapepesa jicho jekundu.
Ya saba. Nikaivua saa.

Jiko la makaa sijaliuza.
Nimelisukuma uvunguni pamoja na nusu gunia;
umeme wa hapa
ukiondoka hauagi.